Pistole Yenye Murhula Anasema Imekufa

Mama yangu mupenzi,

Sasa hivi tu Héritier ameingiza mukono mu mufuko wa tablier yangu ya kazi, ametoa ganda moja ya risasi, ameitia ku mudomo na kuipuliza. Ikalia kama firimbi ya arbitre wa mupira. Akacheka, akapuliza tena, akaniangalia kama vile anauliza: Maman, umesikia? Nimemunyang'anya, amelia, nimemupa kijiko. Sasa anapiga kijiko ku sahani na mi niko naandika nimekaa chini, mugongo ku mulango. Usiogope, Mama, ganda haina kitu ndani, ilishapigwa, imebakia chuma tupu. Lakini kuiona ku mudomo wa mutoto wangu ndiyo imenifanya nikamate kalamu mbio.

Nakusalimia sana. Mugongo umekuachia kidogo? Na ule mukohozi wa asubuhi? Nilisikia mvua imekuwa ya hasira huko Kadutu mwaka huu, udongo unashuka na nyumba za watu. Ukuta wetu wa nyuma umesimama bado? Samaki sambaza zinapatikana ku soko ama wavuvi wanaogopa kuingia mu ziwa? Na Ansima wangu, anakula? Meno yake ya mbele yameota? Ku simu ya mwisho alikuwa anatamka maneno na upepo, nikacheka, kisha nikalia kidogo kisha kukata. Sisi hapa ugenini tuko wazima. Bwana yangu Innocent anachunga magari bado paka ku parking ileile, anarudi asubuhi na macho mekundu, anakula, analala. Héritier anatembea akishika ukuta. Mungu anatusaidia.

Hii barua inakujia mu mukono wa Maman Chantal, wa shirika letu la sala hapa. Anarudia Bukavu kwa kilio cha baba yake, na basi inatoka kesho. Nimemuomba akupe wewe mwenyewe, asipe mutu mwingine, na zaidi asipe Yaya Murhula, hata kama ni kaka yangu wa damu. Usome peke yako. Ulisomaka kwa masista, utaweza maandiko yangu hata kama yanatembea kama bata. Simu ya nyumbani ni ya Murhula. Nikipiga, ni yeye anaitika. Nikituma sauti, ni yeye anasikia wa kwanza. Na neno lenye niko nalo, Mama, ni juu yake na juu ya Ansima.

Wacha nianzie mbali kidogo, ndiyo utaelewa namna gani mi, mutoto wako mwenye aliogopaka hata pétard za Bonane, zile fataki za mwaka mupya, nimejua mambo ya bunduki.

Nilikuambia nimepata kazi ya mwisho wa juma, ya kusafisha. Sikukuambia fasi gani, niliogopa utapandisha presha. Ni club moja nje ya mji, mu shamba, nyuma ya kilima cha udongo wenye walirundika na mashine. Watu wanakuja pale kushindana kupiga pistole. Si kuua mutu, Mama, ni mchezo, kama vile wengine wanashindana kupiga kinanga. Wanasimamisha makartoni na visahani vya chuma, wanajenga milango na madirisha ya mbao, na mutu anapita pale mbiombio akipiga. Mashine kadogo inalia bip, inahesabu muda. Mwenye kupiga vizuri na kwa haraka ndiye anashinda. Kazi yangu ni kubandika tukaratasi ku matundu ya makartoni ndiyo mwingine akute mapya, kuokota maganda, na kupika chai. Kuna wazungu, kuna Wahindi, kuna weusi wa hapa. Kuna na wanawake.

Siku ya kwanza niliwapa kitu ya kucheka mwaka muzima. Nilikuwa na Héritier ku mugongo, nafungua termosi. Risasi ya kwanza ikalia. Mama, unajua sisi. Sikufikiri. Nililala chini, tumbo ku majani, nikamuvuta mutoto chini yangu, nikaanza kutambaa kutafuta ukuta. Chai ikamwangika yote. Mutu mumoja akacheka, kisha wote. Mwanamuke mumoja muzungu, mwalimu wa shule, nywele nyeupe, ndiye alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Unatoka wapi, mama?"

"Bukavu."

Hakujua Bukavu ni wapi. Lakini alielewa. Aliwageukia wale akasema: "Nyinyi wote hamujue kulala chini namna hii. Siku moja mutamuomba awafundishe." Wakacheka tena, lakini kicheko kingine. Toka siku ile ananiita mwalimu, na yeye ni mwalimu wa kweli.

Arbitre mukubwa wa pale anaitwa Baba Mandla. Siku za kazi anaendesha basi, mwisho wa juma anavaa shati nyekundu na watajiri wanamutii kama watoto wa communion. Nimemuona akifukuza mutu mwenye alikuja na gari ya bei kubwa. Sheria yao iko nguvu, Mama, kuliko hata ya Kanisa. Pistole inakaa mu étui, ile ala ya ku mushipi, bila risasi, mupaka arbitre aseme. Ukitaka kuigusa, uifute ama kuitengeneza, kuna meza moja pembeni, na ku ile meza risasi hairuhusiwe, hata moja, hata ya kuchezea na vidole. Pistole na risasi havikutanake pale. Vinakutana paka mbele ya arbitre tu, mudomo wa pistole ukiangalia kilima. Ukikimbia, kidole inakaa inje ya gâchette, kale kachuma ka kufyatulia. Ukigeuza mudomo kwenye watu wamesimama, umefukuzwa. Ikianguka chini, umefukuzwa, na wewe mwenyewe huiokote, ni arbitre anaiokota. Na ukimaliza, unatoa chargeur, kale kasanduku ka risasi kanaingiaka mu mushikio, kisha unavuta chuma ya juu nyuma, arbitre anainama anaangalia mu tundu, kisha unaelekeza ku kilima unapiga gâchette tena ndiyo aamini. Kila mutu, kila mara. Hata yule mwenye alishinda jana.

Wanajivuna sana na vyombo vyao. Mishipi, chargeurs zimepangwa ku kiuno kama vile bibi harusi anapanga pagne, vitenge vyake, miwani, casque za masikio. Mumoja ameweka ku pistole yake kioo kenye taa nyekundu, anaifuta kuliko anavyofuta mutoto wake makamasi. Lakini ile inakwamaka. Maman mwalimu, yake iko kizee, rangi imetoka, na inapiga. Nilimuuliza kwa nini hanunue ya kioo. Akasema: "Nilishakuwa na bwana muzuri wa sura. Sasa nataka yenye inaitika kila nikiita." Tulicheka mupaka Héritier akaamuka.

Ile ndiyo kazi, Mama. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nafikiri: tukipata makaratasi ya kukaa, tutamuleta Ansima, na mi nitamuonyesha kama bunduki inaweza kuwa kitu ya watu wazima wenye adabu. Ndiyo nilikuwa nafikiri vile.

Siku ya yenga ile ingine, kisha ya misa, nilipiga simu nyumbani. Wewe ulikuwa umebakia ku parokia na wamama wa shirika. Murhula akaitika, akampa Ansima simu, akaenda kufungua mulango juu mutu alibisha. Ansima akaweka mudomo karibu sana, nikasikia pumzi.

"Maman. Tonton Murhula iko na pistole."

Nilicheka. "Ya plastiki?"

"Apana. Ya chuma. Iko nzito."

"Umejua je kama iko nzito?"

Akaanza kuimba kidogo mu simu.

"Ansima, iko wapi?"

"Nyuma ya gunia ya makala ya kupikia. Lakini tonton anasema imekufa. Inasema paka tak, tak tu."

"Nani aliifanya ikasema tak?"

Mama, mutoto wangu akacheka. Kale kacheko kake, ka kuficha uso mu mukono. Nikauliza tena, nani? Nikasikia Murhula akisema, leta hapa, na simu ikabadilika mukono.

"Furaha, achana na maneno ya batoto."

"Yaya, iko kweli?"

Akashusha sauti. "Sikiliza. Wezi wanatembea mu avenue yetu. Kwa Maman Nabintu pale chini walivunja mulango kwa shoka. Mi ndiye mwanaume mu hii nyumba toka Papa amekufa. Nifanye nini? Niwapigie firimbi?"

"Ulitoa wapi?"

"Iliokotwa. Kila mutu aliokota kitu, wengine waliokota na viatu vya soldat wenye walikimbia vita. Iko mubovu, nimeshajaribu, inasema tak tu. Ni ya kutisha. Mwizi yeye atajua je kama imekufa?"

Nikaona iko na akili. Ndiyo, Mama, nilimuamini. Mwizi hajue. Kama imekufa, ni kama fimbo. Nikamuambia tu, mutoto asiishike, akasema sawa, nikakata, nikalala vizuri. Sikukutafuta. Nilisema nisikusumbue.

Kisha ikafika mwisho wa juma, siku ya posho, na mashindano makubwa.

Kuna papa mumoja pale, mutu munene, anauzaka matairi. Iko mupole, kila mara anamuletea Héritier bonbon. Pistole yake ni ya zamani, aliirithi kwa kaka mukubwa yake, na risasi anajitengenezea nyumbani, anajivuna nazo. Zamu yake ilifika asubuhi. Mi nilikuwa ku benchi na termosi, mutoto ku mugongo, pamoja na wale wenye walikuwa wanangojea. Bip. Papa wa matairi akakimbia na unene wake, akapiga ku dirisha la kwanza, watu wakamushangilia, akafika ku mulango wa mbao, akapiga, na pistole ikasema tak.

Nilisikia vizuri. Tak. Kama mulango wa kabati.

Akasimama. Akaangalia pistole kama mutu mwenye ametukanwa na rafiki. Kisha akageuka kwetu. Kichwa kwanza, kisha bega, kisha mukono, na pistole ikafuata. Alikuwa anacheka. Akasema: "Imekufa!"

Na mi, Mama, nikaona mudomo wake. Si wa papa, wa pistole. Tundu kadogo keusi. Sikulala chini. Ile mwili yangu yenye inajuaka kulala chini, siku ile ilikataa, juu moyo ulikuwa umeshaamini: si amesema imekufa?

Baba Mandla akapiga kelele: "SIMAMA!" Na papo hapo akashika ule mukono, akausukuma upande wa kilima. Yule papa alishituka, na kidole ilikuwa bado ndani. Ikapiga. Pah. Udongo ukaruka mbele ya viatu vyao.

Risasi ileile, Mama. Ile yenye ilisema tak ndiyo ilisema pah. Iligongwa mara ya kwanza ikakataa, ikagongwa mara ya pili ikakubali.

Hakuna mutu aliumia. Baba Mandla alichukua pistole, akatoa kila kitu, akaangalia mu tundu, akatia na kidole yake kadogo mule kuhakikisha. Kisha akamuambia, bila hasira: "Rudi nyumbani, mukubwa."

Papa wa matairi akasema: "Lakini ni risasi ndiyo mubaya. Si mimi."

"Najua ni mubaya. Kama zote zingekuwa nzuri, mi ningebakia kulala siku ya posho. Sheria iko juu ya ile mubaya."

Hakubishana. Alifungua mushipi, akaukunja. Akapita ku benchi, akatoa bonbon ya Héritier, akataka kuifungua karatasi, vidole vikashindwa. Akanipa ikiwa imefungwa. "Unisamehe, mama," akasema. Jasho lilikuwa linatoka ku kidevu chake na jua lilikuwa halijawaka.

Ni pale ndiyo niliweka termosi chini, nikatafuta simu mu tablier. Wote walifikiri naogopa ile risasi. Mi nilikuwa nasikia Ansima: inasema paka tak.

Nilimupigia Murhula palepale, nyuma ya choo cha club. Nilimuambia anipigie ile kitu picha. Alifanya, juu anapenda kuonyesha. Picha ikafika: pistole juu ya meza yetu, ya nguo ya maua, pembeni ya sahani ya ugali, na chargeur imetolewa, imelala pale na risasi zake zinaonekana, ku mugongo ziko na kutu ya kijani. Akaandika: Unaona? Iko tupu. Lala.

Nikamupelekea Baba Mandla. Nilikuwa na haya, lakini nikamupelekea. Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu, akafungua picha na vidole iwe kubwa. Hakuuliza iko ya nani.

"Iko ku nyumba yenye mutoto?"

"Ndiyo, Baba."

"Waliijaribu, ikasema tak?"

"Ndiyo."

"Kisha wakatoa chargeur."

"Ndiyo."

"Na kisha ya ile tak, nani alivuta chuma ya juu, akatoa ile moja yenye ilikuwa mu bomba?"

Akarudisha simu mu mukono wangu na kuifunika na kiganja chake, kama vile anafunika chungu.

"Chargeur ikitoka, watu wanafikiri pistole iko tupu. Lakini moja inaweza kubakia juu, mu bomba, peke yake. Labda iko. Labda haiko. Hapa kwetu, labda ni kusema iko."

Nilipiga tena kwa Murhula, nikamueleza yote, tak na pah, na ile ya juu. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akacheka.

"Eh, commandant Furaha! Unaokota maganda ya wazungu, sasa unakuja kuniamuru mu nyumba ya Papa?"

"Yaya, nakuomba kwa magoti."

"Nilishaipiga mara ngapi, inasema tak tu! Hata Ansima anajua kama imekufa, anacheza nayo gendarme na mwizi, hakuna kitu."

Alisema vile, Mama. Anacheza nayo. Alipojisikia amesema, akabadilisha: "Alicheza mara moja tu. Nilimunyang'anya." Nikapiga kelele, nikatukana, ndiyo, nilimutukana yaya yangu, utanisamehe. Akakata. Toka pale nikipiga haitike. Naona amesoma ujumbe wangu, hajibu. Nilitafuta numero ya jirani, haipite. Ndiyo maana naandika na kalamu kama wakati wa zamani.

Sasa Mama, sikiliza binti yako.

Kwanza, mutoto atoke. Usingojee neno lingine, usigombane na mutu. Ukimaliza kusoma, umuvalishe viatu, umupeleke Kavumu kwa ndugu yetu ma-tante Espérance. Sema mi nimesema aende kupumzika, sema shule, sema uongo, Mungu ataelewa. Najua utabakia bila mutu wa kukuchotea maji. Najua. Niko naomba hata hivyo. Asubuhi ukishuka ku soko na beseni ya sambaza, ni yeye na gunia ya makala mu ile nyumba. Mi kila asubuhi hapa nikifungua macho ndiyo kitu ya kwanza naona.

Ya pili, wewe usiiguse. Usiichukue kuificha, usiisogeze na fagio, usiangalie mu tundu. Hata mukaa ukiisha, tuma Murhula mwenyewe auchote. Na zaidi usikubali Murhula akuonyeshe kama imekufa. Yeye atataka kukuonyesha, namujua, atataka ucheke. Akiishika mukononi, wewe toka inje.

Ya tatu, muite parrain wa Murhula, baba yake wa ubatizo, Papa Déo. Alikuwa polisi miaka mingi, anajua kuvuta ile chuma ya juu na kutoa yenye iko mu bomba. Murhula anamuogopa kidogo, zaidi kuliko mi na wewe. Afanyie inje, mudomo ukiangalia udongo wa mulima, watoto wa jirani wakiwa mbali. Na Papa Déo aende na risasi zote. Kama Murhula anakataa kabisa kuachana na ile chuma, basi abakie nayo tupu, kama anavyotaka, ya kutisha wezi. Si amesema ni fimbo? Fimbo haihitaji risasi. Bunduki na risasi visilale nyumba moja. Ukiweza kumwambia neno moja tu la kwangu, mwambie lile.

Kuipeleka kwa wakubwa, mi sikushauri na sikukataze. Niko mbali, sijui leo mukubwa ni nani ku kila kona ya barabara. Maman Chantal anasema wanapitaka nyumba kwa nyumba kutafuta, na mwenye wanaikuta kwake hawamuulize kama imekufa. Hiyo nayo inaninyima usingizi. Nikifikiri mutoto, naona kaburi kadogo. Nikifikiri Murhula, naona wakimutoa inje bila shati. Halafu najikemea, nasema, Furaha, mutoto iko muzima, anaruka kamba pale ku mulango, ameshaota meno mapya. Namuona vile. Niko nakaza macho mupaka namuona vile.

Usimuchukie Murhula. Anaogopa, na mwanaume akiogopa hasemake. Nakumbuka Papa alipokufa, yeye ndiye alilala ku mulango wiki yote, na panga, na alikuwa bado mutoto wa shule. Anafikiri analala ku mulango bado.

Mi niko na tumaini, Mama. Innocent ameitwa kwa makaratasi, wamemuambia arudi na picha zetu wote, na picha ya Ansima nayo. Waliposema na ya mutoto mwenye alibakia, mi nilisikia kama mlango unafunguka. Nimeshamununulia rinda, ya manjano, niliipima ku mutoto wa jirani mwenye nafikiri wanalingana. Labda amekua zaidi. Ikiwa fupi nitaongeza kipande chini. Umupatie Maman Chantal kipimo cha mugongo wake na cha muguu, ku kamba, ukifunga fundo.

Nisalimie ma-tante Espérance na bwana yake, uwaambie asante mapema. Nisalimie Papa Déo kwa heshima yote. Nisalimie maman présidente wa shirika, aombee neno langu bila kulijua. Nisalimie Maman Nabintu, pole kwa mulango wake. Koko wa Bunyakiri, kama bado anapanda gari kuja kukuangalia, umuambie kitukuu chake Héritier amechukua masikio yake. Na Yaya Murhula, umusalimie. Umuambie namupenda na sitamutukana tena. Ansima umubusu ku kichogo, pale anapochekaka.

Mi ni binti yako, mwenye anakubeba mu moyo hata akibeba termosi,
Furaha, mama Ansima na Héritier.

Mama, nimeongeza hapa chini juu kuna nafasi. Ukiisha kumufikisha Ansima Kavumu, uombe simu ya ma-tante, unipigie hata sekunde, useme tu "amefika", nami nitajua. Siku zote nyumbani munanibip tu, simu inalia mara moja inakatika, na mi ndiye narudisha. Hata kubip inatosha. Sasa Innocent ameamuka, ananiita ku chumba, "Furaha! Kuya mbio, simu yako, ni numero ya Bukavu!" Namuambia ni Murhula anabip, aache. Anasema apana, haikatike. Nasikia mi mwenyewe, inalia paka inalia. Nakuja, Innocent, nakuja. Mama, kama ni wewe ndiye unapiga, basi Mungu asifiwe, nitakuambia haya yote kwa sauti, na kama ni